Masuku Nyuma ya Jiko

Mzee Osmund tumemzika Peramiho wiki iliyopita, siku ya manyunyu, na tangu nirudi hapa Songea, mtaani Lizaboni, sijakaa vizuri. Si kwa ajili ya kifo chenyewe, maana alikuwa ameshazeeka na ameugua muda mrefu, na sisi tuliomjua tulikuwa tumejiandaa. Ni kwa ajili ya maneno niliyoyasikia jikoni pale msibani. Mimi na binti yake, Otilia, tulikuwa tumepewa sufuria kubwa ya ugali, na nyuma yetu wanawake wanachambua maharage na kumzungumzia marehemu, kama watu wanavyozungumza mikono ikiwa na kazi. Mmoja akasema yule mzee alikuwa na roho ngumu, hakuwahi kumpenda mtu aliyefanya naye kazi. Mwingine akaitikia kwamba ni kweli, ila kupika alijua. Otilia aliendelea kusonga, hakugeuka. Mimi nilitaka kusema kitu nikakosa pa kuanzia. Ndivyo nilivyo, maneno yananijia nikiwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu. Kwa hiyo naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, mwandiko wangu si mzuri, na mwaka ninaotaka kuueleza sikuandika chochote wakati ule. Nikikosea mahali, basi nimesahau, sijapendelea upande wangu. Nitajitahidi nisimpambe mzee kwa sababu amekufa, wala nisijipambe mimi kwa sababu bado nipo.

Nilikuwa msichana bado, nakaanga maandazi karibu na stendi, mtu mmoja jina lake Mapunda aliponiita nyumbani kwake. Alikuwa na lori, gari la wazi la kutazamia wanyama, na mahema, na kila kiangazi alichukua wageni, wengine wazungu, wengine watu wa Dar, akawapeleka porini kupita Namtumbo, kushuka kuelekea mto Ruvuma, wakalale huko siku kadhaa wakitazama tembo na nyati na palahala. Mpishi wake alikuwa Mzee Osmund. Msaidizi wa mpishi alikuwa ameacha sufuria jikoni na kukimbilia Tunduru kuchimba mawe ya vito, kama vijana wengi walivyofanya mwaka ule, na vijana wengine walioitwa badala yake nao wakaenda huko huko. Ndipo likabaki jina langu. Mapunda hakunificha kwamba hakunitaka. Alisema hajawahi kulaza mwanamke porini, na kwamba ananichukua msimu mmoja tu. Maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu nilitembea nayo miezi yote ile: "Safari ikiharibika, hata moja, sitaki watu waniulize mwanamke alikuwa anafanya nini kule." Nikasema sawa. Nilirudi kwenye karai langu nikiwa nimeshaamua kwamba hakuna safari itakayoharibika. Kwa nini niliitaka kazi ile kiasi kile, sijui kama nitaweza kueleza. Maandazi yalinilisha. Lakini kila asubuhi nilikuwa naona mabasi yanaondoka, na mimi napuliza moto pale pale.

Jiko la Mzee Osmund lilikuwa turubai kubwa juu ya miti minne, na chini yake kila kitu kilikuwa na mahali pake kama kwenye kabati la sakristia. Upikaji alijifunza ujanani jikoni kwa mapadre, na mpaka porini alikuwa na aproni nyeupe mbili na pasi ya mkaa. Mkate aliuoka kwenye sanduku la bati, makaa chini, makaa juu, na mkate ule sijapata kuona mfano wake hata mjini. Wageni walikula supu, tambi, mkate, viazi vya kuponda na nyama yenye mchuzi wa unga. Chakula chao kilikaa jikoni. Chakula chetu sisi wafanyakazi, yaani unga wa mahindi, dagaa wa Nyasa, karanga na majani ya maboga yaliyokaushwa, kilikaa kwenye lori, na moto wetu ulikuwa nyuma ya lori ili wageni wasione. Mzee ndiye aliyetaka iwe hivyo, na nasema haki, hakufanya kwa dharau. Yeye mwenyewe jioni alivua aproni, akaikunja, akaja kukaa na sisi kwenye debe na kula ugali kwa likolo, ndivyo tunavyoita mboga kwetu, tena kwa hamu kuliko wote. Aliamini tu kwamba mgeni ana chakula chake na mwenyeji ana chake, na kazi ya mpishi ni kutovichanganya. Mimi niliona vingine. Mara nyingi upepo ulipeleka harufu ya dagaa wetu kwenye meza yao, na niliwaona wanageuza shingo. Siku moja mama mmoja wa Dar alichukua kiti chake akaja nacho mpaka nyuma ya lori, akaomba tonge. Mzee alimpa, akampa na maji ya kunawa, lakini mama alipoondoka alininong'oneza kwa ukali kwamba wageni wakianza kuhamia huku, Mapunda atauliza yeye kule mbele anafanya nini. Nilisema hilo si kosa la ugali. Akasema, "Binti, wewe menya viazi." Nikamenya. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kupika, na safari baada ya safari nilimwomba anipe mlo mmoja tu, hata wa mchana, na kila mara alinipa viazi.

Jambo la pili lililonikera msimu ule ni kwamba nilikuwa naishi porini bila kuona pori. Asubuhi Kassian, dereva wetu ambaye ndiye pia aliyewaonyesha wageni wanyama, aliwapakia pamoja na askari mwenye bunduki wakaenda zao. Mchana wakarudi wanasimulia, na mimi nasikiliza nikiwa na kisu mkononi. Tembo nilimjua kwa alama tu, kwa mahindi ya shangazi yangu kule upande wa Namtumbo, yaliyolala chini asubuhi kama yamepitiwa na mafuriko. Tembo mwenyewe sikuwahi kumwona. Nilimwomba Kassian nafasi kwenye gari. Kassian alikuwa mtani, hakuna alichojibu sawasawa. Alisema, "Dada Gaude, gari limejaa. Wewe subiri, tembo watakuja kukusalimia wenyewe." Wageni waliokuwa karibu wakaomba watafsiriwe, wakacheka. Sikukasirika sana. Hivi sasa, nikiwa na umri huu, naona alikuwa anasema kweli kwamba gari lilijaa. Wakati ule niliona kwamba watu wote, Kassian, mzee, Mapunda, wamenipangia mahali pa kusimama, na mahali penyewe ni nyuma ya lori.

Safari ya mwisho ya msimu tuliondoka mvua za kwanza zikiwa zimeshagusa. Pori lilikuwa limebadilika, majani mapya mekundu na ya kijani, uyoga umechomoza chini ya miombo, na masuku, yale matunda ya porini, yamejaa juu ya miti, mengi bado magumu. Njiani ndizi za wageni zilikuwa zimepondeka na joto, na mzee hakuweza kuvumilia meza isiyo na tunda. Akanituma nichume masuku yaliyokomaa ambayo hayajaiva, naye akachimba shimo nyuma ya jiko, akatandika majani, tukayapanga, tukayafunika kwa majani mengine na udongo juu yake, ili yaive. Mtu yeyote wa Songea angefanya hivyo. Nyumbani tunavundika masuku, tunavundika ndizi, tunafunika na tunasahau, na siku ya kufukua mtaa mzima unajua kwa harufu. Tulilifanya wote wawili, yeye na jembe, mimi na kikapu, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba mtaa wa pale ulikuwa na wakazi wengine. Mimi niliyeona mahindi ya shangazi ningeweza kufikiria. Kassian, aliyewafuata tembo kila siku, alipita akatuona, akasema tumwekee yake. Ndiyo maana sikubali mtu anaposema lilikuwa kosa la mzee.

Basi siku chache baadaye wageni walikuwa wametoka na Kassian na askari kutafuta tembo, kwa sababu safari hiyo yote walikuwa hawajamwona hata mmoja. Kambini tulibaki watu watatu: mzee, mimi, na mama mwingine wa Dar, mgeni mwenye miguu iliyovimba, nesi mstaafu, ambaye sisi wote tulimwita Mama Nesi. Mzee alikuwa ameingiza mkate kwenye sanduku. Mimi nilikuwa nimerudi na uyoga wa mboga yetu, nimeuweka kwenye lori, nateremka. Sikusikia kishindo chochote. Watu wanadhani tembo anakuja kwa kishindo. Nilisikia tawi linavunjika taratibu, kama mtu anayevunja kuni bila haraka, nikainua macho, na pale nyuma ya turubai palikuwa na ukuta wa kijivu ambao asubuhi haukuwepo. Nilimshika mzee mkono, sikumwambia kitu. Tukamchukua Mama Nesi huku na huku, tukaingia kwenye kichwa cha lori, tukafunga mlango polepole, watatu tumebanana, na mwiko wa mzee umenichoma ubavuni maana hakuuacha.

Walikuwa majike na mtoto wao mmoja. Mkubwa wao alikwenda moja kwa moja kwenye shimo. Akapangusa udongo kwa mguu, akaondoa majani, akaanza kutoa masuku moja moja, analigusa, analiacha, anachukua jingine, kama mama anavyochagua nyanya pale sokoni Mfaranyaki. Yaliyoiva alikula. Mabichi alimsogezea mtoto, na mtoto naye akayakataa. Nilikuwa naogopa na wakati huo huo sikutaka waondoke. Niliona kope zake, ndefu, zimejaa vumbi. Mama Nesi akanong'ona, "Tumezungushwa pori zima kwa gari, kumbe wenyewe wanakula kwetu." Mzee Osmund hakuwa anatazama tembo. Alikuwa anatazama moshi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mkate unaungua." Nilidhani nitacheka, nikajizuia kwa kung'ata kitenge. Halafu masuku yakaisha, na wale wengine waliokosa wakageukia jiko. Turubai lilishuka kama shuka. Gunia la ngano likapasuka, sukari ikamwagika na kulambwa, tambi zikakanyagwa, viazi vikaliwa, pipa la maji likapinduliwa, na yule mkubwa alipopita akaweka mguu juu ya sanduku la mkate, likawa bapa. Wakasimama kidogo katika matope ya ngano. Kisha wakaondoka namna ile ile walivyokuja, bila haraka na bila kelele, kuelekea mtoni.

Tuliposhuka mzee alizunguka lile jiko mara nyingi bila kuokota kitu. Aproni moja ilikuwa imekanyagwa mpaka haijulikani ni nguo. Kisha akakaa juu ya debe, akasema tufunge mizigo, Kassian akirudi atamwambia asubuhi tunaondoka, kwa sababu mpishi asiye na chakula hawezi kukaa na wageni. Nikasikia maneno ya Mapunda kichwani, yote, mpaka sauti yake. Safari imeharibika, na mwanamke alikuwepo.

"Tukiondoka, mzee, mimi sitarudi tena kazini."

"Wewe bado kijana. Utapata nyingine."

"Sitaki nyingine. Chakula kipo kwenye lori."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Dagaa, binti? Watu wametoka kote huko, niwape dagaa?"

"Jana ulikula ukaongeza."

"Mimi si mgeni."

Mama Nesi alikuwa amekaa hapo akikanda miguu yake, na nilitegemea atanisaidia, lakini aliendelea kukanda tu, na nadhani alifanya vizuri. Nilimwambia mzee kwamba kupika nitapika mimi. Yeye aandae meza kama anavyoiandaa siku zote, kitambaa, sahani, kila kitu, maana meza hakuna anayeiweza ila yeye. Wakikataa kula, aseme ni mimi, na mimi nitasema ni mimi, na Mapunda afanye anavyotaka. Sikuwahi kumwambia mtu mzima maneno mengi hivyo. Lakini niliyamaliza. Mzee akaangalia lori. Halafu akauliza, "Huo uyoga unaujua?" Nikasema naujua. "Wote?" Nikasema mmoja mmoja. Akavuta debe karibu, akamimina uyoga wangu kwenye ungo, akaanza kuuchambua akiugeuza chini juu, na ule ambao hakuuamini akautupa, ukiwemo ambao mimi nilijua ni mzuri. Sikumbishia. Nilielewa kwamba amekubali.

Nilisaga karanga kwa chupa juu ya mfuniko wa sanduku, nikaupika uyoga kwa karanga zile. Majani ya maboga niliyaloweka nikayachemsha mpaka yakalainika. Dagaa niliwaosha kwa maji ya moto, nikawakaanga wakauke, nikawatia kitunguu na pilipili. Mwiko wake alinipa bila kuombwa. Wageni waliporudi, wamechoka, hawajaona tembo, Kassian aliona lile jiko akashika kichwa, na wengine wakapiga picha nyayo kwenye ngano. Jua lilikuwa linashuka. Mzee Osmund alikuwa amevaa aproni ya pili, amesimama mwisho wa meza yenye kitambaa cheupe, taulo mkononi, kama siku ya supu. Akawanawisha mmoja mmoja. Kisha, kama kawaida yake, akatangaza chakula, sahani kwa sahani, na Kassian akitafsiri: ugali wa mahindi ya Songea, uyoga wa leo, dagaa wa Ziwa Nyasa. Alivitaja kwa heshima ile ile aliyovitajia vitu vyake, wala hakuomba radhi. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika sufuria ya ugali. Mama Nesi akawafundisha kufinya tonge na kulitoboa kwa kidole gumba.

Nisiseme uongo, hawakula wote. Wawili walionja wakaacha, na mmoja wao asubuhi alilalamika tumbo, ingawa siwezi kuapa kwamba ni uyoga wangu. Kijana mmoja aliuliza kama kuna mkate. Mzee akamjibu kwa adabu kwamba mkate amepita nao tembo. Lakini waliobaki walikula mpaka nikarudi kusonga mwingine, na kesho yake hawakutaka kuondoka. Tulimaliza siku zote za safari kwa chakula cha lori. Mzee aliandaa meza, mimi nilipika, na kati yetu hatukuzungumza zaidi ya lete hiki, toa kile. "Usinipe sifa," mzee alisema jioni moja bila mimi kuuliza kitu, "mimi bado naona mgeni apewe mkate." Nikasema nimeelewa, mzee.

Tulipofika Songea, Mapunda alikuwa ametangulia kusikia. Alisimama uani kwake, turubai lililochanika limetandazwa mbele yake, na hakuitikia salamu yangu. Alimgeukia mzee, akauliza habari moja tu, kama mwanamke huyu anafaa kuendelea au hapana. Kassian akaanza kueleza, Mapunda akamnyamazisha kwa mkono. Mimi nilitazama chini. Nilimsikia Mzee Osmund akisema, wala hakushusha sauti, "Jikoni kwangu simtaki tena." Hakunitazama. Akaongeza, "Mpe jiko lake."

Mapunda akasema jiko analo moja. Mzee akasema basi anunue la pili, mahema anayo ya kutosha kambi mbili, na kuna wageni watakaopenda huku na wengine kule. Mpaka leo sijui kama alinipigania au aliniondoa. Nimelifikiria hilo miaka mingi, na tangu mazishi kila siku. Inawezekana alitaka tu jiko lake lirudi kuwa safi, lisilo na dagaa, na njia ya haraka ilikuwa hiyo. Otilia nilimuuliza kabla sijaondoka Peramiho, akasema baba hakuwa mtu wa kueleza. Nimeamua sitachagua. Alisema alichosema, mbele ya mwenye kazi, wakati kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi na mimi ningekuwa nimerudi kwenye maandazi.

Mapunda akanigeukia kwa mara ya kwanza. Akauliza, "Wewe utawapikia nini huko?"

Ningeweza kusema supu. Supu nilikuwa nimeshaijua, na tambi, na hata mkate ningejaribu, na nadhani ndilo jibu alilotaka.

"Ugali," nikasema.

"Na nini?"

"Na mboga yake."

Alimwangalia mzee. Mzee alikuwa anatazama tairi za lori kana kwamba ndizo zilizoulizwa. Mapunda akatikisa kichwa, akakunja lile turubai kwa mguu, akaniambia niende nikalale, Jumatatu nije stoo nichague masufuria. Jumatatu nilifika geti likiwa bado limefungwa, nikagonga.